Baiskeli Kwenye Kiti cha Dirishani

"Mzigo mmoja, tiketi moja," mkaguzi alirudia, na safari hii tabasamu lilikuwa limemwisha. "Baiskeli ikikunjwa ni mzigo wa mkononi, sikatai. Sanduku nalo ni mzigo wa mkononi. Wewe ni mtu mmoja. Chagua unachokwenda nacho, watu wanasubiri."

"Nina mwenzangu," Fundi alisema.

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

"Hapa kila mtu ana mwenzake anakuja," mkaguzi alisema, na foleni ikacheka.

Pindo alikuwa nyuma ya nguzo ya lango, na aliyasikia yote. Alikuwa amefika kitambo, ila alikuwa hajajitokeza. Alikuwa akiutazama mgongo wa yule mwanaume ndani ya shati la buluu alilomshonea kwa mkono wake mwenyewe, bega la kulia amelishusha kidogo, maana miaka ya kubeba spana ilikuwa imempinda Fundi upande huo. Hakuna duka ambalo lingemuuzia shati la kumkaa vile. Na huyo ndiye mtu ambaye Pindo alikuja kumwambia, "Siendi na wewe." Alikuwa ameyarudia maneno hayo njia nzima kama mtoto aliyetumwa dukani.

Begi lake hakuja nalo. Aliliacha kwa jirani muuza vitambaa, tena kwa makusudi, kwa sababu alijijua. Akiwa na begi mkononi na tiketi mfukoni angepanda tu, liwalo na liwe.

"Basi iache hiyo baiskeli," mkaguzi alisema. "Itafuata na treni ya mizigo."

"Mzee wangu, siwezi kuiacha."

"Acha sanduku."

"Sanduku lina vifaa vyangu vya kazi. Kesho nikiripoti kiwandani mikono mitupu watanirudisha nilikotoka."

"Hiyo sasa ni shida yako, kijana wangu."

Fundi aligeuka kutazama barabarani. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya tandiko la baiskeli, ameuweka pale taratibu kama mtu anayemshika mtoto kichwani asipotee. Alichokiona Pindo usoni mwake hakikuwa wasiwasi wa baiskeli hata kidogo. Ni uso wa mtu aliyeanza kuhisi kwamba anaachwa, na bado anajikaza kisabuni mbele za watu.

"Ni yangu," Pindo alisema.

Sauti ilimtoka kabla hajaipa ruhusa. Watu walimpisha, akapita katikati yao hadi langoni. "Hiyo baiskeli ni yangu. Na tiketi yangu hii hapa."

Mkaguzi aliitazama tiketi, akamtazama yeye, akaitazama baiskeli. "Na mizigo mingine?"

"Sina mingine."

"Mwanamke anasafiri na baiskeli, hana hata kimkoba!" Mkaguzi alitikisa kichwa. "Haya, piteni. Mngekuja pamoja tangu mwanzo tusingepotezeana muda."

Fundi alimtazama tu, na uso wake wote ukafunguka. Pindo alipouona ule uso ndipo alipoelewa alichokifanya. Alikuja kumvunja mtu moyo kwa upole, kwa heshima, na badala yake alikuwa amemjaza furaha kwanza.

"Lete nikubebee," Fundi alisema walipoingia jukwaani. "Ni nzito hiyo."

"Ni mzigo wangu. Nitabeba mwenyewe."

Ilikuwa nzito kweli, na kanyagio lilimgonga goti kila hatua. Hakuiachia. Mikono yake ikibaki mitupu Fundi angeishika, na akiishika, kila kitu kingekwisha.

Fundi alikuwa akiongea mfululizo, mtu ambaye siku nyingine huwezi kumtoa neno mpaka umlipe. "Umekuja hivyo hivyo! Mama amezuia begi, si ndiyo? Mwache. Nguo zinashonwa, na mshonaji ndiye wewe. Halafu chumba nimekiona. Dirisha liko upande wa jua la asubuhi. Nimepima kwa miguu, cherehani yako inakaa pale pale, mwanga unakuangukia bega la kushoto kama unavyopenda. Mwenye nyumba alipoona napima sakafu kwa hatua, akamwita mkewe aje kumwona mwendawazimu."

"Umepima?"

"Mara mbili."

Pindo alitazama mbele. Machozi yalikuwa yameshamlengalenga na hata hawajafika kwenye behewa.

Walikuwa wamejuana kwa sababu ya baiskeli hiyo hiyo. Fundi alikuwa mtengeneza vyerehani wa kuzunguka: anapanda treni, anashuka kituo hiki, anakunjua baiskeli yake, anawazungukia washonaji, kisha anaikunja na kupanda tena kwenda kituo kinachofuata. Siku aliyoingia nyumbani kwao kutazama cherehani ya mama, aliingia na baiskeli kwapani kama mtu aliyebeba kuku. Pindo alicheka mpaka akajichoma sindano. Mama hakucheka. Alisubiri mgeni aondoke, akasema, "Mtu ambaye hata baiskeli yake inakunjwa, siku akikuchoka atakuacha hapo ulipo, aikunje na kwenda zake." Tangu hapo nyumbani akaitwa Bwana Kikunjo.

Alikuja tena na tena, mpaka cherehani ya mama ikawa haina hata kasoro ya kusingizia. Alipotuma wazee, mama aliwapokea vizuri, akawaketisha, akawaambia mwanawe haolewi na mtu anayelala kwenye mabehewa. Akipata kazi ya kukaa mahali pamoja, warudi. Wengine wangesusa. Fundi aliomba kazi kila kiwanda alichokisikia, akakataliwa na kukataliwa, mpaka kimoja kikamkubali, huko mwisho wa reli. Wazee wakarudi. Mama akawa hana pa kukimbilia, akatoa idhini shingo upande, na ndoa ikafungwa sebuleni mbele ya watu wachache, keki moja, na mama amenuna. Lakini asubuhi ya leo, asubuhi ya bibi harusi kumfuata mumewe, mama alikuwa mtu mwingine. Alimfungia begi kwa mkono wake, akamshika mabega, akamwambia, "Nenda, mwanangu. Ni mtu mwema. Nilichelewa kumwona."

Ndani ya behewa Fundi alilipandisha sanduku juu ya kichanja, akaiegemeza baiskeli penye njia, akakung'uta kiti cha dirishani kwa kiganja.

"Hiki chako. Keti."

"Keti wewe kwanza."

Aliketi. Pindo alibaki amesimama, ameshikilia mgongo wa kiti.

"Fundi, siendi."

Fundi alicheka. "Huendi wapi, na uko ndani ya treni?"

"Nilikuja kukuaga. Pale langoni nilikuona unahangaika, nikashindwa kuvumilia. Sikuwa na nia ya kukudanganya. Naapa sikuwa na nia hiyo."

Kicheko kilibaki usoni mwa Fundi muda kidogo, hakijui pa kwenda. "Mama amesema nini?"

"Amenibariki."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Niache nikueleze, usinikatize, maana nikikatizwa sitaweza kuanza tena." Pindo aliukaza mkono kwenye mgongo wa kiti. "Nilishatoka. Nikafika pale kona, nikakumbuka nimesahau mtandio. Nikarudi. Kabla sijaingia nikasikia cherehani inakwenda, nikasema afadhali, yuko kazini, hakai akilia. Nikachungulia mlangoni. Fundi, haikuwa na uzi."

Mtu mwingine angeuliza, "Kwa hiyo?" Fundi hakuuliza. Mikono yake ilitulia juu ya magoti.

"Labda uzi wa chini, wa bobini, umeisha," alisema taratibu.

"Bobini imejaa. Sindano ndiyo tupu. Uzi ameushika mkononi, ameilamba ile ncha mpaka imelowa. Ameshindwa kulipata tundu. Na anakanyaga tu, anakipitisha kitambaa, kimejaa vitundu, mshono hakuna. Anataka nikiwa njiani niisikie mashine, niende na moyo mweupe." Sauti ilimkatika, akaivuta tena. "Kila asubuhi mimi ndiye ninayemtungia uzi. Ananiambia macho yamechoka, na mimi namtania, namwambia anazeeka. Mama haoni, Fundi. Sijui ni tangu lini. Anashona kwa vidole."

"Anajua kuwa ulimwona?"

"Hajui. Nilirudi nyuma kimya kimya kama mwizi."

Fundi aliinuka. "Twende tukamchukue. Sasa hivi. Tuishi wote watatu, chumba kitatutosha."

"Nyumba ile anaijua kwa mikono. Anajua ukingo wa meza uko wapi, anajua bomba, anajua ngazi ipi imevunjika. Ndiyo maana nimeishi naye na sikugundua kitu. Nikimpeleka pageni ni kumpofusha mara ya pili."

"Basi nabaki mimi." Tayari alikuwa amenyoosha mkono kichanjani. "Nabaki, Pindo. Kazi ni kazi tu."

Pindo alimshika shati, bega lile lile lililoshuka. "Ubaki ufanye nini? Kuripoti ni kesho, usipofika anachukuliwa mwingine. Utarudi kwenye mabehewa, na mama atauliza kwa nini umeikataa kazi aliyokutuma yeye. Ataujua ukweli siku hiyo hiyo. Unamjua alivyo. Akijua ni yeye aliyetuzuia hatakula, hatalala, atajiona ni mzigo mpaka anaingia kaburini."

Fundi aliurudisha mkono chini. Akaitazama sakafu ya behewa.

"Nimeitafuta kazi ili niwe na wewe," alisema. "Na kazi ndiyo inanipeleka mbali na wewe."

"Ndiyo."

"Na mama yako amenipenda leo. Siku zote hizo, aje anipende leo."

"Fundi, usiyaseme yote. Mengine tuyaache."

Nje mtu alipiga kelele kwamba wasindikizaji washuke. Abiria waliokuwa wakipanga mizigo waliharakisha, mwanamke mmoja akapita na ndoo, ikabidi wasogee, na kwa kusogea wakajikuta wamesimama karibu kiasi kwamba Pindo aliisikia pumzi ya Fundi kwenye paji la uso wake.

"Utamwambia nini?" Fundi aliuliza.

"Nitasema nimeshindwa kukaa mbali naye."

"Atajua. Mama yako si mjinga. Ataanza kuchimba, atachimba mpaka afike." Alitazama nje, kuelekea langoni. "Mwambie nimekuacha."

"Nini?"

"Mwambie tulifika langoni, nikageuka, nikapanda peke yangu. Ndivyo alivyosema tangu siku ya kwanza. Ataamini, hatauliza hata swali."

"Siwezi kukusema hivyo. Wewe? Nikusingizie wewe?"

"Mimi sitakuwepo kusikia."

"Utaharibikiwa jina, Fundi."

"Jina lenyewe Bwana Kikunjo. Kuna nini cha kuharibika?"

Pindo alicheka. Aliona haya kwamba alicheka, kisha kicheko kikageuka katikati, akalia ameukandamiza uso kwenye shati aliloshona, na mikono ya Fundi ikamzunguka. Alinuka mafuta ya mashine na sabuni. Abiria wa kiti cha pili, mzee wa watu, alijifanya anatafuta kitu chini ya kiti chake.

"Nitakuja likizo," Fundi alimwambia nyweleni. "Ya kwanza tu wakinipa. Nitakuja, tutaona namna. Nisubiri."

"Nitakusubiri."

"Sema tena."

"Nitakusubiri, mume wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Alikuwa amelitunza neno hilo kwa ajili ya chumba chenye dirisha.

Mkaguzi alikuwa ameingia behewani, sasa anakagua tiketi kiti kwa kiti. Alipomwona Pindo anaelekea mlangoni alimzuia kwa mkono. "Dada, unakwenda wapi? Treni inaondoka. Na baiskeli ulisema ni yako. Mzigo wa mkononi hausafiri bila mwenyewe."

Pindo alimpa tiketi. "Kiti kimelipiwa. Naomba ikae hiyo."

"Ikae nini?"

"Baiskeli."

Mkaguzi alifungua mdomo kueleza sheria. Halafu akawatazama vizuri, mmoja baada ya mwingine, macho mekundu wote wawili. Aliufunga mdomo. Akainama, akainyanyua ile baiskeli kwa kuguna, akaikalisha kwenye kiti cha dirishani, akaisukuma ikae sawa. Akaitoboa tiketi, akampa Fundi.

"Ina tiketi," alisema. "Imekaa. Mimi nina mabehewa mengine."

Pindo alishuka. Treni iliguna, ikavuta, ikaanza kwenda. Alitaka kumwona Fundi kwa mara ya mwisho, lakini dirishani ilikuwa imekaa baiskeli, na nyuma ya usukani wake aliambulia kipande cha shati la buluu na kiganja kilichobandikwa kwenye kioo. Alitembea nacho sambamba mpaka jukwaa likaisha. Hapo alisimama na kulia kwa sauti, na wala hakujali nani anamtazama.

Njia ya kurudi aliipita bila kuiona. Alichukua begi kwa jirani, ambaye alimtazama usoni na kwa bahati nzuri hakuuliza. Alipokaribia nyumbani aliisikia cherehani, bado inakwenda. Moyo ulimpasuka upya. Mama alikuwa bado anakanyaga, kwa ajili ya mtu aliyedhani yuko mbali njiani.

Alisukuma mlango.

"Nani?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Ni mimi, mama."

"Wewe? Umesahau nini? Treni itakuacha!"

"Imeshaondoka." Pindo aliliweka begi chini. Maneno yalikuwa machungu mdomoni. "Ameniacha."

Mguu wa mama ulitulia. Gurudumu lilizunguka kidogo lenyewe, likasimama.

"Nani amekuacha?"

"Yeye. Tulifika langoni, akageuka, akapanda peke yake."

Pindo alikuwa amejiandaa kuambiwa, "Nilikuonya." Njia nzima alikuwa amejiandaa kwa hilo, na kwa kweli alilitamani, lije, lipite, liishe. Halikuja. Mama alikaa na viganja vyake juu ya kile kitambaa chenye vitundu, akikifunika kana kwamba ana aibu nacho, na midomo ikaanza kumtetemeka.

"Asubuhi hii nilikuwa nawaombea," alisema. "Wote wawili. Nikasema, Mungu, walinde wanangu. Nimemwita mwanangu yule kijana. Kwa mdomo wangu."

"Mama, basi."

"Nilikuwa nimeanza kumpenda."

Pindo aliketi sakafuni pale alipokuwa. Alimwona mama anafuta macho kwa pindo la gauni, anavuta pumzi, na taratibu huzuni inamtoka usoni na hasira inakaa mahali pake. Hasira ya mama aliijua. Ilikuwa haiji mara nyingi, na ikija ilikuwa haiondoki.

"Njoo hapa."

Alijisogeza mpaka miguuni pake. Mama alinyoosha mikono, vidole vikatafuta kidogo hewani kabla ya kumpata, vikamshika mashavu, vikayakuta yamelowa.

"Niapie," mama alisema. "Akija analia mlangoni, akija na wazee, akija na dunia nzima, hatauona uso wako. Kwangu mimi ndoa hiyo imeisha leo."

"Mama, huenda siku moja..."

"Hakuna siku moja! Mtu wa kukuacha langoni siku ya kwanza? Mimi sina miaka mingi. Sitaki nife nikuache umekaa dirishani unasikiliza treni. Niapie nife nimetulia."

Pindo aliyatazama macho ya mama, yaliyokuwa yakitazama pembeni kidogo ya uso wake. Ukweli ulikuwa mdomoni, neno moja tu. Akilisema, Fundi angesafika, likizo ingefika, mlango ungefunguliwa. Na hii mikono iliyomshika ingeanguka, isishike kitu tena. Alifikiri habari ya kiganja kwenye kioo. Alifikiri kwamba wakati huo huo, huko mbele ya reli, mtu alikuwa ameanza kuihesabu likizo yake.

"Sema, mwanangu."

"Hataniona tena, mama," Pindo alisema. "Naapa."

Mama alimbusu kwenye paji la uso.

"Vizuri. Sasa nenda kanawe. Mtu kama yule hastahili chozi lako hata moja."